Msamaha wa matibabu: ukishasamehewa wewe, hela analipa nani? (Niliyoyaona nikiwa mjumbe wa kamati ya zahanati)

#1 Mjumbe Mstaafu

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi mmoja humu watu walikuwa wanabishana kama halmashauri "inawalipia" wazee na watoto wanaotibiwa bure. Mmoja anasema inalipia, mwingine anasema ni serikali kuu, wa tatu akaingiza matusi uzi ukafungwa. Mimi nimekaa miaka mitatu kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati ya kijijini kwetu, hapa Tanzania. Nilichaguliwa kwenye mkutano wa kijiji siku ambayo nilikwenda kufuatilia mbolea ya ruzuku, mbolea nikaikosa, ujumbe nikaupata. Sijasomea afya, mimi ni fundi seremala. Ila kila robo tulikuwa tunaletewa hesabu tuzipitishe, na mimi siwezi kupitisha kitu nisichokielewa.

Kikao changu cha kwanza mganga mfawidhi akatusomea taarifa. Kulikuwa na mapato ya papo kwa papo (hela taslimu ya dirishani), ya CHF (bima ya afya ya jamii), ya NHIF (bima ya afya ya taifa), halafu safu moja imeandikwa "Misamaha". Safu ile ndiyo ilikuwa na tarakimu ndefu kuliko zote. Nikafurahi. Nikauliza, hii inaingia lini tukanunue betri la sola? Yule mama akacheka mpaka akavua miwani. "Mjumbe, hiyo haiingii. Hiyo ndiyo ambayo haikuingia."

Naomba mliweke hilo kichwani kabla hamjaendelea. Zahanati inapomtibu mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, au mgonjwa wa kifua kikuu au ukoma, inaandika thamani ya huduma kwenye rejista kisha inafunga. Hakuna ankara inayopelekwa kwa mkurugenzi. Hakuna hundi inayorudi. Msamaha siyo malipo, ni pengo lililoandikwa vizuri.

Mtasema basi zahanati zinaishije? Zinaishi kwa mifereji mingine, na hapa ndipo watu wengi huchanganya:

Mshahara wa muuguzi na tabibu unatoka Hazina. Unapita kwenye bajeti ya halmashauri kwa jina tu, ila hata halmashauri ikikusanya sifuri mwezi huo, muuguzi analipwa.

Dawa zinatoka Bohari ya Dawa (MSD). Kituo kina akaunti yake MSD, serikali inaweka fungu, nyie mnaagiza. Kikikosekana kitu MSD, mnakwenda kwa mshitiri (muuzaji binafsi) mmoja aliyepatikana kwa zabuni ya mkoa, mfumo ule wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014.

Halafu kuna Mfuko wa Pamoja wa Afya, wenyewe wanauita basiketi. Huu upo tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, wafadhili wakiwemo Uswisi na Ireland wanaweka hela chungu kimoja, halmashauri zinagawiwa kwa fomyula. Kwa miaka mingi asilimia 70 ya fomyula ilikuwa idadi ya watu, iliyobaki umaskini, vifo vya watoto na umbali wa barabara. Zamani hela hii ilikuwa inakaa halmashauri, na zahanati inapelekewa vitu, siyo hela. Mnaomba godoro mnaletewa mafaili. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mimi nimeingia kwenye kamati baada ya hapo, lakini wazee walionitangulia walikuwa wanaisimulia kama watu wanavyosimulia siku umeme ulipofika.

Kwa hiyo mtoto anayetibiwa bure kijijini kwetu "analipiwa" na Hazina kwa mshahara, na MSD kwa dawa, na basiketi kwa hiki na kile. Kinachobaki, yaani mlinzi, mhudumu wa usafi, sabuni na nauli ya kupeleka sampuli wilayani, kinalipwa na yule aliyetoa hela yake dirishani. Mgonjwa maskini mwenye afadhali kidogo anambeba mgonjwa maskini zaidi. Halmashauri hapo katikati ni mwenye nyumba.

Nawasilisha. Karibuni maswali.

#2 Kiroba cha Chumvi

Umeupiga mwingi mkuu, ila umeruka. Ushuru wa mazao nalipa mimi, leseni nalipa, kibanda sokoni nalipia kila siku. Hayo mapato ya ndani ya halmashauri hayagusi mgonjwa kabisa? Au ndiyo yale ya viti vya semina?

#3 Mjumbe Mstaafu

Yanagusa, ila zaidi kwa tofali kuliko kwa mgonjwa. Ukiona boma la zahanati limepauliwa, wodi ya wazazi imejengwa, choo kimechimbwa, hapo utakuta mapato ya ndani na nguvu za wananchi. Diwani anapenda jengo kwa sababu jengo linaonekana na lina siku ya kuzinduliwa. Nani azindue msamaha?

Zimekuwepo halmashauri zilizotenga fungu kukatia kaya maskini kadi za CHF iliyoboreshwa. Hapo ndipo unaweza kusema kwa haki kwamba halmashauri imemlipia mgonjwa: kaya ya watu sita, 30,000 kwa mwaka wakati huo, imelipwa, kadi ipo. Lakini ilitegemea mwaka, ilitegemea mkurugenzi, na ilitegemea kama pamba au korosho imekubali msimu ule.

CHF yenyewe ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, sheria ikaja 2001. Mpango wa mwanzo ulikuwa mzuri kwenye karatasi: kila shilingi ya mwanachama serikali inaongeza shilingi, ndiyo ile "tele kwa tele". Na sheria iliacha mlango, wilaya ingeweza kutumia fedha hizo kuwalipia wasio na uwezo. Sasa waulize wazee wa kijijini kwenu wangapi waliwahi kuona kadi ya aina hiyo.

#4 Muuguzi wa Zamu

Nimesoma mpaka mwisho, mjumbe unaijua kazi. Naongeza vitu viwili kutoka upande wa ndani ya dirisha.

Kwanza, watu wanadhani sisi ndio tunaomnyima mjamzito huduma ya bure. Jamani. Sera inasema bure, na mimi naiamini. Ila nikifungua kabati nikakuta glovu jozi nne na usiku bado mrefu, nitamwambia ndugu akanunue. Sijavunja sera mimi. Sera ilikuja peke yake, glovu hazikuja nayo.

Pili, NHIF. Kituo kinategemea bima ili kizibe hilo pengo la misamaha. Bima ilianza kazi mwaka 2001, mtumishi anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3. Mwenye bima anapotibiwa tunajaza fomu, tunatuma madai, tunasubiri. Ukikosea saini, ukikosea namba, ukiandika dawa ambayo kwa ngazi yenu hairuhusiwi, wanakata. Kwenye zahanati yenye watu wawili, nani akae ajaze fomu wakati foleni inafika kwenye mwembe? Kwa hiyo hela iliyotakiwa kumbeba bibi asiye na kitu inapotea kwa kukosa muda wa kuandika.

#5 Kiroba cha Chumvi

Hiyo ya glovu nimeisikia kwa mke wangu. Nilitaka kugomba siku ile, sasa naona hata sijui ningegombana na nani.

#6 Mtoto wa Mwisho

Samahanini wakubwa naingilia kati. Niko hospitalini hivi sasa nasoma uzi huu. Mama yangu ana miaka 67, amelazwa siku ya tisa, tulianzia kituo cha afya, tukapewa rufaa wilayani, wilayani wakatuleta hospitali ya rufaa ya mkoa. Kule chini hatukulipa, tuliambiwa mzee. Hapa nimepewa bili ya 186,000 na dawa mbili nimenunua nje. Nikiwaambia mama amesamehewa wananiambia "wapi barua". Barua gani?

#7 Mjumbe Mstaafu

Pole sana mdogo wangu, Mungu amponye mama. Fanya hivi leo hii, usingoje siku ya kutoka.

Barua ni ya mtendaji wa kijiji au mtaa anakoishi mama. Iseme anaishi hapo, ana umri gani, anategemea nini, hana bima. Ipigwe muhuri. Mtu aliyebaki nyumbani aifuate, akuletee hata picha kwenye simu kwa kuanzia, halisi ije na basi. Halafu muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo ndiye mwenye mamlaka ya kupendekeza msamaha, siyo mhasibu na wala siyo muuguzi wa wodi. Atakuhoji, ana fomu yake. Anaweza kukusamehe yote, nusu, au mkaandikiana kulipa kidogokidogo. Usimdanganye kuhusu kazi yako, wamezoea.

Na wengine nawaeleza kwa nini kule chini walimpokea bure na hapo juu wanadai. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni vya halmashauri, viko chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zilikuwa TAMISEMI, mpaka Novemba 2017 Rais Magufuli alipotangaza zihamie Wizara ya Afya. Sasa angalia: mtendaji wa kijiji, ambaye ni mtu wa halmashauri, anaandika barua inayosamehe hela za hospitali ya wizara. Halmashauri haitoi hata senti, na mwenye hospitali hakuulizwa. Ungekuwa wewe mganga mfawidhi wa mkoa ungezipokea kwa moyo gani?

#8 Ustawi Mstaarabu

Mimi ni afisa ustawi, sisemi wapi. Mjumbe amesema kweli, nitaongeza uchungu kidogo.

Kuna makundi mawili na watu wanayachanganya. Lipo la kisera: mtoto, mjamzito, magonjwa fulani. Hilo halihitaji kuhojiwa. Lipo la asiye na uwezo, hilo ndilo langu, na hapo mzee anaingia kwa sharti, maana sera haikusema kila mzee, imesema mzee asiye na uwezo. Wapo wastaafu wana nyumba tatu za kupanga wanakuja na barua ya mtendaji. Na yupo mama hana hata kanga ya pili, hakuleta barua kwa sababu mtendaji alimwambia aje kesho na keshokutwa.

Kila ninaposaini msamaha najua nasaini kupungua kwa mapato ya hospitali ninayofanyia kazi. Mwisho wa mwezi kwenye kikao wanasoma: misamaha kiasi fulani. Kisha wote wananitazama mimi kana kwamba nimeiba. Kama ile barua ingekuwa inakuja na fungu kutoka halmashauri iliyoiandika, mimi ningefanya kazi yangu nikiwa nimenyoosha mgongo. Na mtendaji naye angefikiri mara mbili kabla ya kumwandikia mwenye nyumba tatu.

#9 Mkamba wa Wote

Salamu kutoka Makueni. Nasoma jukwaa hili kila siku ingawa mimi ni Mkenya, leo mmenigusa.

Huku kwetu afya ni ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Sisi tulijaribu hilo mnalotamani. Mwaka 2013 serikali ya kitaifa ilifuta ada kwenye zahanati na vituo vya afya. Ada yenyewe ilikuwa ndogo, shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya tangu 2004. Lakini kwa sababu zahanati ingekosa hizo kumi kumi, wakaweka fidia, ikafika shilingi milioni 900 kwa mwaka kwa kaunti zote 47. Kwa hivyo lile pengo la Mjumbe, huku lilipewa jina na bajeti.

Kisha kwetu Makueni, mwaka 2016 wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, ikaja MakueniCare. Familia ilikuwa inalipa shilingi 500 kwa mwaka, unatibiwa hospitali za kaunti bila kulipa kila unapokwenda. Wazee wa miaka 65 na zaidi hawakulipa hata hiyo 500. Iliyobaki ilikuwa inatoka kwa bajeti ya kaunti. Mama yangu alifanyiwa upasuaji, akalala wiki mbili, akatoka bila bili. Hiyo ni kitu nimeona na macho yangu.

#10 Kiroba cha Chumvi

Mkuu 500 ya Kenya kwa mwaka? Familia nzima? Nahamia.

#11 Mkamba wa Wote

Haha, usipange mizigo bado. Wacha niseme na upande ule mwingine.

Fidia ya milioni 900 iligawanywa kwa idadi ya watu wa kaunti, sio kwa wagonjwa waliotibiwa. Zahanati yenye foleni na isiyo na foleni ni mamoja. Pili, Katiba yetu ibara ya 207 inataka pesa ya kaunti iingie kwanza kwa Hazina ya Mapato ya kaunti. Pesa ya hospitali pia. Kwa hivyo hospitali ikikusanya, pesa ilikuwa inakwenda makao makuu ya kaunti, na kurudi ilikuwa hadithi. Ikichelewa, daktari ako na mgonjwa mezani na hana uzi wa kushona. Imechukua miaka kumi mpaka Sheria ya 2023 ya kufadhili uboreshaji wa vituo, watu wanaiita FIF, ikasema hospitali ibaki na pesa yake.

Na hiyo 500, tuseme ukweli, haikulipia kitu. Ilikuwa ni njia ya kuandikisha watu. Mzigo ulikuwa wa kaunti, na hospitali zilijaa. Watu wa kaunti jirani nao walikuwa wanajua njia ya kuja kwetu.

Sasa tuko na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara anapimwa kwa maswali ya mali na nyumba, chini kabisa 300 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: 3,600 kwa mwaka, na huku watu walizoea 500.

#12 Mjumbe Mstaafu

Mkamba asante sana. Kwa hiyo nyie hela ya fidia ilikuwepo ikakwama kaunti, sisi hela ya kituo inafika kituoni lakini fidia haipo. Tungeoana tungepata mtoto mzuri.

Hapa nimekumbuka jambo. Mwaka wangu wa pili tulifanya ubishi na halmashauri. Tulichukua ile safu ya misamaha ya miezi sita, tukaandika barua, tukaomba angalau mlinzi alipwe kwa mapato ya ndani. Mlinzi wetu alikuwa anadai miezi minne, mzee mwenye rungu na redio, anakuja tu. Tukajibiwa kwa heshima kabisa kwamba misamaha "imezingatiwa kwenye ruzuku". Mhasibu wetu wa kata akatuambia tuulize imezingatiwa kwa kiasi gani. Tukauliza. Barua ya pili haikujibiwa mpaka natoka madarakani. Mlinzi tulimlipa kwa mchango wa kikao, na nikamtengenezea kiti.

#13 Kalamu ya Mhasibu

Nimefanya hesabu za vituo wilaya mbili tofauti. Jibu la "imezingatiwa kwenye ruzuku" siyo uongo moja kwa moja. Fomyula ya basiketi inaangalia watu na umaskini, kwa hiyo kinadharia wilaya yenye watoto na wazee wengi inapata zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna mahali popote kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za vituo, unapoweza kukaa ukalinganisha: huyu alisamehe kiasi hiki, akapewa kiasi hiki. Ni vitabu viwili ambavyo havijawahi kusalimiana.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 inabadili mpangilio, angalau kwa maandishi. Inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na vyanzo vimetajwa, kwa mfano sehemu ya ushuru wa soda, vileo na vipodozi. Maana yake maskini ataingia hospitalini na bima yake, kituo kitatuma madai kama kwa mtumishi yeyote. Msamaha unageuka mchango uliolipwa mapema. Hapo ndipo mnywaji bia atakapokuwa anamtibu bibi yangu, na nitamheshimu kuanzia siku hiyo.

#14 Muuguzi wa Zamu

Sawa, lakini nani ataamua nani hana uwezo? Ni yuleyule mtendaji wa "njoo kesho". Na fomu za madai ni zilezile, na mimi ni yuleyule mmoja.

#15 Kalamu ya Mhasibu

Hapo sina jibu dada. Orodha za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, zipo, wengi wanasema zianzie hapo. Kijijini kwetu orodha ile ilimsahau kilema na ikamkumbuka shemeji wa mwenyekiti.

#16 Mtoto wa Mwisho

Wakubwa nimerudi. Kaka yangu alimfuata mtendaji mara mbili, mara ya pili akamkuta. Barua imekuja na basi la alfajiri. Afisa ustawi alinihoji kama nusu saa, nikamwambia ukweli kwamba naendesha bodaboda ya mtu. Wamesamehe 100,000, nimelipa 50,000, na 36,000 nimeandikishwa kulipa kwa miezi mitatu. Mama ametoka, anakula uji. Mungu awabariki wote.

#17 Ustawi Mstaarabu

Alhamdulillah. Wamekutendea vizuri. Hiyo 36,000 ilipe, usiikimbie, ndiyo itakayomfanya mwenzangu amwamini atakayekuja baada yako.

#18 Mjumbe Mstaafu

Tunamshukuru Mungu. Hiyo laki moja kwenye karatasi yako imeandikwaje?

#19 Mtoto wa Mwisho

Imeandikwa MSAMAHA, halafu 100,000, halafu muhuri. Sehemu ya "mlipaji" wamepiga mstari.